Visahani vya Bluu

…tupu, amesema tupu, na Sindano hakuinua jicho kutoka kwenye hadubini, alibaki vilevile ameinama, kiwiko juu ya meza, vidole kwenye kile kitasa kidogo cha kuzungushia lenzi, kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya soko akajifanya hakusikia, maana ukigeuka tu umeshakubali kwamba ndiye wewe, na nyuma yake Baba Pacha, mwenzake wa maabara, alikuwa amesimama na ule mkanda wa bluu umemnata kidoleni, ameubandua sasa hivi kutoka kwenye kifuniko cha kisahani, na chini ya mkanda, pale alipoandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito siku walipoanza, kuna neno moja, tupu, yaani humu hamna jani, humu mna juisi ya kulishia seli na seli zenyewe za saratani ya ini na ule mwanya alioukwangua Sindano katikati yake kwa ncha ya pipeti, basi, hamna dawa iliyotiwa, hata tone, tupu kama kikombe kilichooshwa kikafudikizwa, na yeye Sindano jana jioni… Mungu wangu, jana jioni…, simu ikatetemeka mfukoni mwa koti lake jeupe, ikamtekenya paja, ikanyamaza, ikaanza tena, naye alijua bila kuitazama ni nani, ni mama mdogo, yuko hospitali ya upande wa pili wa mji, amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari wa upasuaji, mkoba mapajani, amevaa viatu vyake vya kwendea harusini kwa sababu, alisema, kama ni kukatwa basi nikatwe nimependeza, na anangoja Sindano amwambie neno moja tu, jani, ili ainuke, amuage daktari kwa adabu, arudi nyumbani kwenye cherehani yake.

"Sindano, umelala juu ya hicho kioo?" alisema Baba Pacha, "bluu tupu, nyeupe jani, haya, niambie mwanya upi umebaki wazi bila seli kuuvuka, unaniweka roho juu kama mtu anayengoja penalti," na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani, maana hajui, kazi yake yeye ilikuwa kutia dawa na kubandika mikanda, kazi ya Sindano ilikuwa kupima, na sheria ya chumba hiki ni kwamba anayepima hajui anapima nini, ndivyo Profesa alivyowafundisha tangu mwanzo, akasema macho ya mtafiti ni kama ya mzazi kwenye mashindano ya shule, mtoto wake ndiye mwenye mbio kuliko wote hata akiwa wa mwisho, basi wafunikeni watoto nyuso, akasema, ndipo mtajua nani anakimbia, na wote walicheka, Sindano alicheka kuliko wote, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na jana, mbele ya watoto waliofunikwa nyuso, akamtambua wake, hakuna aliyemwambia, alimtambua tu, kwa rangi, kwa sababu juisi ya visahani vya bluu ilikuwa imepoteza ule wekundu wake, imegeuka manjano kidogo, na lile jani chungu wanalolikausha na kulisaga na kuliloweka kwenye spiriti hutoa maji ya manjano, manjano kama chai iliyochujwa mara ya pili, akajiambia ndiye huyu, nimekuona, na alipoinama kwenye lenzi akaona vichembe vidogo vinaelea, akasema vumbi la jani, lile lisiloyeyuka, na mwanya… mwanya ulikuwa wazi, mpana, msafi, kama barabara iliyofungwa kupisha msafara wa wakubwa, huku na huku seli zimejipanga kingoni wala hakuna hata moja iliyothubutu kuvuka, ilhali kwenye visahani vyeupe zimetambaa kutoka pande zote mbili mpaka pamebaki uzi, uzi tu wa nafasi, na kifua chake kilijaa, kilijaa mpaka akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na uchafu.

Manjano. Juisi imekuwa manjano, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, yule ambaye bado anavaa glavu kinyume, angemwambia maana yake, juisi ikigeuka manjano imechacha, humo ndani kuna kitu kinakula kisichoalikwa, ile rangi imetiwa makusudi iwe kengele, ipige kelele kabla mtu hajajidanganya, na kengele ilimpigia usoni, naye akaisikia kama ngoma ya harusi, sasa anatazama, anatazama tena, na vile vichembe vya jana, vumbi la jani, leo vimekuwa vingi kama wali uliomwagika, na vinatembea, vumbi halitembei, vumbi huelea likaenda linakopelekwa, hivi vinakwenda vyenyewe, kimoja kinajigonga, kinageuka, kinafuata kingine, viwili viwili vimeshikana, bakteria, bakteria watupu, na zile seli zilizojipanga kingoni ambazo jana aliziona kama zimezuiwa na mkono wa dawa, leo zimejikunja, zimekuwa vidonge, zimebanduka, zinaelea, hazikuzuiwa, zilikuwa zinakufa, barabara ilikuwa wazi kwa sababu waliotakiwa kupita walikuwa maiti, na maiti hatambai, jani halikuwamo, halikuwa hata karibu, palikuwa na chupa moja iliyochacha na mtu mmoja mwenye hamu, akakaza vidole kwenye kitasa kana kwamba hadubini ndiyo iliyomsimamisha… simu ikatetemeka, ikanyamaza.

"Mamdogo, nina habari, lakini usimwambie mtu." "Nimwambie nani, cherehani?" ndivyo walivyoanza jana jioni, na nyuma ya sauti ya mama mdogo ile cherehani ilikuwa ikikimbia, tikitikitiki, maana hata mgonjwa hakubali kazi ya watu ilale, "haya sema, umepata mchumba?" "Mamdogo! Nimekuambia ni habari, si muujiza," wakacheka, kisha yeye, kwa pumzi moja, kama mtoto anayetoa zawadi kabla haijafungwa, akasema lile jani, mamdogo, lile tunalolifanyia kazi, seli za saratani ya ini hazikupita, nimepima mwenyewe, hazikupita, na cherehani ikasimama, hiyo ndiyo sauti asiyoweza kuitoa masikioni sasa, sauti ya ile cherehani kusimama, "Hata moja?" "Hata moja." Halafu taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo kichwani, "basi mimi nikakatwe ya nini, mwanangu, na wewe umeshapata?" na hapo, pale pale, palikuwa na nafasi, nafasi pana kama ule mwanya, ya kusema hapana, mamdogo, sikiliza, kisahani si mtu, ndani ya kisahani hamna damu wala tumbo wala homa ya usiku, lile jani ulilolipanda kwenye mkebe wa rangi dirishani na kulichemsha kwenye sufuria si hili tunalolichuja wiki nzima tukapata unga wa kujaza kijiko cha chumvi, na hata huu unga huenda, huenda tu, ukapunguza mwendo wa seli, katika kisahani, kwa siku moja, huenda, neno ambalo ameliandika kwenye kila ripoti tangu aanze kazi, huenda, linaweza, inaonekana kwamba, Profesa alimwongezea kwa kalamu nyekundu kila alipolisahau, na jana kwa mtu mmoja ambaye lingemfaa kuliko wasomaji wote wa ripoti zote, akalisahau, hakusema huenda, alisema tu, "subiri kesho asubuhi, mamdogo, tunabandua mikanda, nitakuambia," naam, alisema subiri, akishitakiwa atasema nilimwambia asubiri, lakini alisema akicheka, alisema kwa sauti ya mtu ambaye ameshafungua mlango na anachungulia karamu, na mama mdogo hakusikia maneno, alisikia sauti, amemlea tangu alipoachwa na mamaye akiwa hajui kufunga viatu, anajua kila sauti yake.

"Hebu…" Baba Pacha alikuwa amesogea, kivuli chake kikaanguka juu ya meza, "mbona kunanuka hivi, kama maziwa yaliyolala?" na Sindano aliisikia pua yake ikinusa mara mbili, halafu kicheko kikakatika kwenye koo la yule mwanamume kama redio iliyochomolewa, akachukua kisahani kimojawapo cha bluu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, na hakusema neno, na kule kutosema kwake, yeye mwenye mdomo wa kuongea hata na jokofu, ndiko kulikomthibitishia Sindano zaidi ya vile vichembe… uvimbe haujasambaa, hilo ndilo alilosema daktari wa upasuaji siku ile, Sindano alikuwepo, alikaa kwenye kiti cha pembeni ameshika mkoba wa mama mdogo, daktari akachora ini kwenye kipande cha karatasi, ini kama kiatu kikubwa, akaweka alama upande mmoja, uvimbe upo hapa, akasema, na uko peke yake, haujatoka, haujaenda kwenye mishipa mikubwa, haujaenda kwenye mapafu, sasa hivi ndiyo saa yake, tunaukata na kipande chake, ini linalobaki litakua tena, na mama mdogo akamtazama juu ya miwani yake ya kutungia uzi, "linakua tena? kama kucha?" "Kama kucha, mama." "Na kama lingekuwa kitambaa ningekuwa tajiri," daktari akacheka mpaka akaangusha kalamu, lakini walipotoka nje kwenye korido mama mdogo alimshika mkono akamkaza, vidole vyake vilikuwa baridi, akasema, mwanangu, mimi nimekata nguo za watu maisha yangu yote, ninajua mkasi, kitu kikishapita katikati ya mkasi hukishoni kikawa kile kile, na Sindano alimpapasa bega akasema utapona, na moyoni, haya ndiyo yanayomchoma sasa kama pasi, moyoni alijiambia nitakuepusha, nitalipata jani kabla mkasi haujakufikia, hivyo basi hakuwa anapima, kwa majuma yote haya hakuwa anapima, alikuwa anakimbizana na mkasi, na anayekimbia haoni, yeye Sindano, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya macho, alipokuwa mdogo ndiye aliyeokota sindano zilizoanguka kwenye mkeka, hakuna aliyeziona ila yeye, njoo Sindano wangu, macho yako makali, na siku mama mdogo alipokuja kuona anapofanyia kazi aliita hivyo hivyo mlangoni, "yuko wapi Sindano wangu?", Baba Pacha akalidaka, tangu siku hiyo chumba kizima kinamwita Sindano, na haya ndiyo macho yenyewe, haya hapa, yamebanwa kwenye lenzi, yameona maiti yakasema uzima.

Lakini vyeupe… subiri, vyeupe, Baba Pacha ameviweka hapo kando ya kiwiko chake, juisi yake nyekundu safi, visahani vyenye jani ni vyeupe, na vyeupe havijafunga kabisa, jana palibaki uzi, aliuona uzi, akaupima, basi jani limechelewesha, si limechelewesha? lingekuwa halina kitu pasingebaki hata huo uzi, angeweza kusema hivyo na asingekuwa ameongopa, mamdogo, jani linapunguza mwendo, jani lina kitu, rudi nyumbani, na sauti yake ingekuwa nzuri tu, angejua kuifanya nzuri, na mama mdogo angeinuka na viatu vyake vya harusini, tak tak tak kwenye korido… limechelewesha kuliko nini? aliuliza mtu kichwani mwake, na mtu huyo alikuwa na sauti ya Profesa, halafu akawa na sauti yake mwenyewe, kuliko nini, Sindano, cha kulinganisha kimeoza, zile seli zilizotakiwa kukuonyesha mwendo wa kawaida umeziua kwa juisi iliyochacha, huenda kwa siku moja kila mwanya hubakisha uzi, huenda jani limezizuia, huenda limezisukuma, hujui, na alilitazama hilo neno, hujui, likiwa limekaa katikati ya giza la lenzi lenye mduara wa mwanga, akashtuka kwamba halikumuuma kama alivyodhani, lilikuwa baridi, lilikuwa gumu, lilikuwa kitu cha kwanza tangu jana ambacho angeweza kukanyaga bila kuzama.

"Pole, dada," alisema Baba Pacha, sasa kwa sauti ya chini, ile anayowasemeshea pacha wake wakianguka, "ni ile chupa ya visahani vya bluu, nadhani tuliifungua pamoja na… basi, si neno, tunatupa, tunasafisha kabati la joto, tunaanza upya Jumatatu, jani halijakimbia, lipo uani kwa kila mtu limejaa tele, litatungoja," na alikuwa anamfariji, maskini, alidhani msiba ni wa visahani, na kila neno lake lilikuwa kweli, jani litangoja, seli zipo kwenye barafu za kutosha miaka, mwanya unakwanguliwa mwingine, mkanda unabandikwa mwingine, hapa kila kitu kinaanzwa upya, ndiyo raha ya chumba hiki, ndiyo iliyomlevya, alisahau kwamba kule kwenye benchi hakuna Jumatatu, kule kuna ini moja na uvimbe mmoja uliokaa upande wake, mpole bado, umejipanga kingoni, na mbele yake mwanya, na hizi ni seli anazozijua, amezilisha kwa mkono wake, anajua zinavyotoa kiguu kimoja chembamba kupapasa njia kabla hazijaondoka, amezitazama, ameziita zenye akili, akazipigia picha na kuzipenda zilivyotambaa, na hakuwahi hata siku moja kuziwazia ndani ya blauzi ile ya maua aliyoishona mama mdogo mwenyewe, chini ya mbavu za kulia, zikipapasa…

Shika, usipumue. Hivyo ndivyo mama mdogo alivyosema kila alipokata kitambaa cha thamani, kile cha bibi harusi, kile kisichokuwa na kipande cha ziada, hakukubali kukikata peke yake, angeweza kuweka vyuma vya kukandamizia kama mafundi wengine lakini hakutaka, alisema kitambaa kinaogopa chuma, kinataka kiganja, basi alimwita Sindano kutoka popote alipokuwa akicheza, naye mtoto akanawa mikono, akapanda juu ya kigoda, akalaza viganja vyote viwili juu ya meza, kimoja huku, kimoja huku, na mkasi ukaja katikati, mkubwa, mweusi, akausikia ubaridi wake ukipita chini ya vidole, krrrch, krrrch, na hakuwahi kukatwa, hata mara moja, wala kitambaa hakikuteleza, na mama mdogo akimaliza alipumua, akasema, umeona, tumekata wawili, ingawa mkasi ulikuwa mkononi mwake peke yake… tumekata wawili… na pale kwenye korido, vile vidole baridi vilivyomkaza mkono, hakuwa anaomba jani, Sindano anaona sasa, anaona kwa lile jicho ambalo halijatoka kwenye lenzi, hakuwa ameomba jani wala dawa wala muujiza, ni mimi niliyempa jani kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho, yeye alishika mkono, aliushika tu, akaukaza, alikuwa anasema mimi naogopa mkasi kukiwa hakuna wa kushika.

Simu ikatetemeka. Baba Pacha alisema, "pokea basi, huyo atakufa huko aliko," akajutia neno bila kujua kwa nini, na Sindano, bado ameinama, bado na duara la mwanga limejaa vile vichembe vinavyokwenda viwili viwili, aliutoa mkono wa kulia kwenye kile kitasa, akaikwangua glavu kwenye ukingo wa meza mpaka ikatoka nje ndani, akautia mkono mfukoni, akaipata, ya moto kama yai, akaiweka sikioni, na kwanza alisikia korido, viatu vya watu, kitoroli chenye gurudumu linalolia, mlango, kisha ile sauti, iliyojipamba, yenye rangi ya mdomo, "Sindano wangu, daktari ameshachungulia mara mbili, ananitazama kama mteja aliyepima nguo asitoe oda, haya niambie, niinuke?" na yeye akafungua mdomo.

"Kaa, mamdogo. Usiinuke. Jana nilikosea, sikuona lolote, nilitaka tu kuona, jani bado hatujui, mwambie daktari ndiyo, sikia, mwambie ndiyo sasa hivi…" na upande wa pili kukawa kimya, kimya kile kile cha cherehani kusimama, kirefu, na vichembe vikapita, na mkanda wa bluu ukawa bado umemnata Baba Pacha kidoleni, na Sindano akafumba lile jicho hatimaye, akasema taratibu ndani ya giza lake, "nanawa mikono nakuja, mamdogo, wasikuguse kabla sijafika, nakuja kushika kitambaa."